Konokono wa Mtungini: Nani Aliyemleta?

Nyumba yetu ya Mji wa Kale, hapa Mombasa, ina kiwanda. Sisemi kiwanda cha saruji wala cha sabuni. Nasema kiwanda cha wazee wetu, ule uwanja mdogo wa ndani ulio wazi juu, mahali pa kupumzikia baada ya laasiri na pa kuanikia nguo na nazi. Hapo ndipo nilipoiweka bustani yangu ya maji. Ina vyombo vitatu tu: balasi alilotuachia marehemu bibi yangu, pipa lililokatwa nusu, na karo ya saruji aliyonijengea fundi mmoja wa mtaani. Ndani yake mna yungiyungi lenye maua ya samawati, mna majani mengine ya majini, na mna visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya kuiga mahoteli. Anayezijua nyumba za mawe za Lamu anajua kwamba birika la chooni, lile la kuogea na kutawadhia, lilikuwa na visamaki vyake tangu zamani kwa kazi hiyo hiyo ya kumaliza viluwiluwi. Na wajenzi wale walikuwa watu wenye kufikiri. Chini ya birika walizamisha bakuli la kauri la Kichina, ili siku birika likikaushwa kwa kusafishwa, maji yabaki ndani ya bakuli na samaki wapate pa kukaa. Basi kuweka uhai ndani ya chombo cha maji ni jadi yetu, wala hatukufunzwa na mtu.

Asubuhi moja mjukuu wangu, binti wa miaka sita ambaye bustani ile aliiona kuwa ni yake kuliko yangu, alinijia mbio huku mikono yake ikichuruzika maji.

"Babu, njoo uone! Maji yamezaa!"

Nikaenda. Katika ukuta wa ndani wa balasi, kwenye ule utando wa kijani, walikuwa wamejibandika konokono wadogo wadogo, wengine kama punje ya mtama, wengine kama punje ya mchele. Niliwahesabu hata nikafika 20, nikakoma. Katika pipa walikuwako. Katika karo ndio walikuwa wengi zaidi.

Neno lile la "maji yamezaa" lilinichekesha. Lakini mchana ule nilipolipeleka barazani, sikuona aliyecheka. Mmoja alisema konokono huja na mvua. Wa pili akasema maji yakikaa sana hufanya wadudu yenyewe, kama unga unavyofanya fukusi. Bibi mmoja mtu mzima, aliyekuwa akipita na kikapu chake, alisimama akasikiliza, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, waja wa Mungu wana vijicho. Soma Falaki na Nasi, ukiteme maji hayo."

Kusoma nilisoma, maana kusoma hakumdhuru mtu. Kisha nikarudi nikaligeuza jani moja la yungiyungi. Chini yake palikuwa na vibonge vya ute mwangavu, kila kimoja kiasi cha ukucha wa mtoto, na ndani ya ute mlikuwa na nukta nyingi zilizopangika. Yalikuwa mayai. Konokono wa majini wengi hutaga namna hiyo, chini ya majani, katika mashina na mizizi, na kwa joto letu hili la pwani mayai huanguliwa kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo. Tena wengi wao kila mmoja ni dume na ni jike pamoja, na wako ambao mmoja peke yake huweza kuanzisha kizazi. Haihitaji jeshi. Kibonge kimoja cha ute kikija na jani moja, baada ya miezi miwili una kabila zima.

Kwa hiyo maji hayakuzaa. Konokono walikuja na majani. Na majani yale yaliletwa na nani? Yaliletwa na mimi.

Hapo kicheko kiliniishia, kwa sababu nilikumbuka nilikoyatoa. Miezi miwili kabla ya siku ile nilikwenda kumzika mjomba wangu upande wa Msambweni. Baada ya hitima nilitembea peke yangu hata kwenye bwawa tulilokuwa tukioga utotoni. Nilikuta yungiyungi limechanua kama zamani. Nikavua viatu, nikaingia hadi magotini, nikang'oa mizizi mitatu, nikaifunga katika gunia lililoloweshwa, nikavuka nalo feri ya Likoni nikiwa na furaha ya mtu aliyeupata ujana wake. Sikuyasuuza majani yale. Niliyatia mtungini vilevile, na tope lake.

Na bwawa lile ndilo lililonipa kichocho.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa au kumi nilipokojoa damu mara ya kwanza. Sikumwambia mtu mzima. Sisi watoto wa kiume tulikuwa na itikadi yetu kwamba kukojoa damu ni dalili ya kubaleghe, na aliyekuwa bado alionewa huruma kama mtoto wa nyuma. Tulishindana. Mpaka mama alipoziona nguo zangu, akanishika mkono hadi hospitali, na njia nzima hakusema neno ila kumtaja Mungu. Nilipewa dawa nikapona. Lakini nawajua wenzangu ambao hawakuonwa na mama zao kwa wakati. Kichocho kikiachwa miaka na miaka huharibu kibofu na figo, na huweza kuleta saratani ya kibofu.

Sasa mjukuu wangu, kwa miezi miwili, alikuwa akitia mikono katika maji niliyoyafuga konokono wa bwawa lile lile.

Ndugu msomaji, mtu mwenye hofu hafanyi shauri jema. Jambo la kwanza nililolifanya ni kumkemea mtoto. Sikuwahi kumkemea kabla ya siku ile. Nilimwambia asikanyage tena kiwandani, naye akaondoka bila ya kujua kosa lake. Jambo la pili, nilimsikiliza jirani aliyeniambia kwamba dawa ya konokono ni mrututu. Hakusema uongo. Mrututu, lile jiwe la buluu la shaba, lilitumika miaka mingi kuua konokono katika mifereji ya mashamba ya Misri na Sudan. Nikanunua, nikatia kipande katika karo, nikaenda kusali magharibi.

Asubuhi konokono wengi walikuwa wamekufa. Wengine walikuwa wamepanda juu ya ukingo, wakaokoka. Lakini samaki wangu wote walikuwa wameelea matumbo juu, na baada ya siku chache majani ya yungiyungi yakawa manjano. Sumu ile haichagui. Nikayamwaga maji yote, nikasugua karo, nikajaza maji mapya, nikaiacha hivyo kwa uchovu na fedheha. Wiki mbili hazikupita, mama watoto akaniita.

"Hebu sogea uangalie kazi yako, bwana. Ulikuwa na konokono. Sasa una mbu."

Na kweli karo nzima ilikuwa ikicheza viluwiluwi. Wasomaji wangu wa Lamu hawana haja ya kuelezwa maana yake. Mwaka 2004, wakati wa ukame, watu walipokuwa wakihifadhi maji majumbani, homa ya chikungunya iliuvamia mji wa Lamu, ikawaangusha watu nyumba kwa nyumba, kisha ikafika Mombasa. Mbu aliyeieneza ni yule mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, na nyumba yake ni mtungi, pipa na karo. Homa ya dengi iliyoisumbua Mombasa mwaka 2013 huchukuliwa na mbu huyo huyo. Kwa kuogopa konokono nilikuwa nimewaua askari waliokuwa wakinilinda na mbu.

Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Nilivaa mifuko ya plastiki mikononi, nikawatia konokono kumi wa balasi katika chupa yenye maji, nikaenda kwa mtu mmoja wa maabara ambaye kazi yake ni kupima kichocho. Nilimweleza yote, hata habari ya mrututu. Alinisikiliza bila ya kunicheka, akanieleza mambo ambayo nataka kila mwenye mtungi wa maua ayajue.

Kwanza, konokono hazai kichocho. Kichocho ni mnyoo wa binadamu. Mnyoo wenyewe ulionwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, mjini Cairo mwaka 1851, na ndiyo maana wengine huyaita maradhi haya bilhazia. Lakini njia unayopitia haikubainika mpaka mwaka 1915, pale Mwingereza Robert Leiper alipothibitisha huko huko Misri kwamba mnyoo hupitia kwa konokono. Kichocho chetu cha pwani ni kile cha mkojo. Mgonjwa hukojoa majini, na mkojo una mayai ya mnyoo. Mayai huanguliwa, na kijidudu kitokacho humtafuta konokono wa namna maalumu, akamwingia. Baada ya wiki kadhaa ndani ya konokono, hutoka vijidudu vingi vyenye mkia, hasa jua linapokaribia utosini, vikaogelea kumtafuta binadamu. Vikimpata hupenya ngozi yake nzima isiyo na jeraha, kwa dakika chache tu. Visipompata, hufa baada ya siku moja au mbili.

Pili, konokono hamrithishi mwanawe kichocho. Yai la konokono ni safi. Wale wadogo walioanguliwa ndani ya balasi langu, ambamo hakuna aliyekojoa, hawangeweza kuwa na kichocho hata kama mama yao alikuwa nacho. Wa kuogopwa ni yule mkubwa aliyekuja mzima mzima kutoka bwawani, akiwa amejificha katika mizizi.

Tatu, si kila konokono hubeba. Alichukua mmoja akamshika ncha juu, mlango ukinielekea. "Tazama mlango uko upande gani," akaniambia. Konokono wa kichocho cha pwani mlango wake uko kushoto. Lakini akanionya kwamba wako na wengine wa kushoto wasio na madhara, kwa hiyo alama hiyo humtoa mtu shaka kwa wale wa kulia, haimhukumu kila wa kushoto. Wale warefu wenye ncha kama msumari, wanaojizika katika tope, mlango wao uko kulia. Hao si wa kichocho hiki.

Akawatia konokono wangu kila mmoja katika kichupa chake cha maji safi, akawaweka mwangani hadi adhuhuri, kisha akayatazama maji kwa darubini. Hakuona kitu. Lakini hakuniacha niruke kwa furaha. Aliniambia kwamba aliyeambukizwa karibuni huenda bado hajaanza kutoa. Basi wakubwa wote niwatoe na kuwachemsha, mtoto asitie mikono majini kwa sasa, na nimletee mkojo wake uliokojolewa katikati ya mchana, kisha nimletee tena baada ya miezi mitatu, kwani mayai hayaonekani mara moja.

Kipimo cha kwanza kilikuwa safi. Miezi mitatu ile sitaisahau. Kila alipokwenda chooni nilikuwa na udhuru wa kupita njia ile. Cha pili nacho kikawa safi, alhamdulillahi.

Katika muda huo wa kungoja, mwalimu mmoja wa chuo, rafiki yangu wa tangu utoto, alikuja kunitazama. Alilichungulia balasi akauliza, "Na haya maji, wayatawadhia?" Lilikuwa swali la haki, nikamjibu kwa yale tuliyosomeshwa pamoja. Katika madhehebu yetu ya Shafii, maji yaliyogeuzwa na kile kinachoota au kukaa humo humo, kama koga la kijani, hayatoki katika usafi wake. Na kiumbe asiye na damu ya kutiririka, akifa majini kwa ajali yake wala asiyageuze maji, husamehewa, hata kama maji ni machache, hayafiki kulateni. Tukakubaliana kwamba tahara ni jambo moja na afya ni jambo jingine: maji yanaweza kufaa kwa udhu na bado daktari akakukataza kuyagusa. Haya ni mazungumzo ya barazani, si fatwa. Mwenye shaka awaulize mashekhe wake.

Kisha rafiki yangu akacheka kidogo, akanikumbusha jambo ambalo limenikaa moyoni hadi leo. "Unakumbuka babu ya kukidhi haja?" Nilikumbuka. Tulisomeshwa kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Tulihifadhi, tukarudia mbele ya mwalimu hata tukaruhusiwa kwenda. Na adhuhuri ile ile, mbao zetu zingali na wino, tulikimbia bwawani tukafanya lile tulilokatazwa, tena kwa mashindano ya nani atafika mbali. Lau tungeitii ile sentensi moja, bwawa lile lingebaki na konokono wake na yungiyungi lake, na asingekojoa damu mtu. Konokono hakututafuta. Sisi ndio tuliompa ugonjwa, naye akaturudishia.

Sasa nimpe msomaji manufaa ya makosa yangu. Ukileta mmea wa majini, usiuchukue bwawa la watu kuoga ikiwa waweza kuupata kwa mwenye mtungi wa nyumbani. Utolee tope lote. Pitisha kidole chini ya kila jani, ukwangue kila kibonge cha ute. Ukae katika ndoo yake peke yake wiki mbili tatu, ukaguliwe. Wafugaji wa samaki wa vioo huuroweka pia katika maji ya shabu kwa saa chache kabla ya kuusuuza.

Wakiwa wamekwisha kuingia, usikimbilie sumu. Acha kipande cha tango kielee usiku, asubuhi utakikuta kimejaa konokono; kitoe pamoja nao. Ondoa majani yaliyooza, na upunguze chakula cha samaki, maana konokono huongezeka kwa kadiri ya wanachokila. Mimi nilipochunguza niligundua kwamba mjukuu wangu alikuwa akiwatupia samaki makombo ya mkate wa mofa kila asubuhi. Hata wingi wao tuliufanya sisi wenyewe. Wakibaki wachache, waache: hula koga na majani yaliyokufa, wala yungiyungi lililo hai hawalisumbui sana.

Lakini ukiona vichala vya mayai ya rangi ya waridi vimebandikwa juu ya maji, mwite mtu wa kilimo. Huenda ni yule konokono mkubwa, asili yake Amerika ya Kusini, aliyegunduliwa mwaka 2020 katika mashamba ya mpunga ya Mwea. Huyo hula mimea mibichi, na kwao ni ng'ambo ya bahari. Yeye naye hakuja kwa miguu yake.

Karo yangu ina samaki tena. Siku niliyoletewa majibu ya kipimo cha pili nilimwita mjukuu wangu, nikamtaka radhi. Nilimwambia kwamba kosa halikuwa lake, wala la maji, wala la konokono. Aliniuliza, "Sasa la nani, babu?" Nikamjibu. Akafikiri kidogo, akaniambia niende nikaoshe mikono. Usiku ule nikamtungia ubeti huu, naye ameuhifadhi:

Konokono wa mtungi, si mwizi wala mgeni,
Kaja na majani mengi, umemleta nyumbani,
Usimpe dawa nyingi, ukaua wa majini,
Usiyalaumu maji, utazame mikononi.